Majina Mapya ya Sufuria

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kompyuta mpakato ya ami Mohsin iko juu ya meza yangu. Si yangu. Bado.

Ami amenunua mpya kwa ajili ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Ya zamani atampa mmoja wetu: mimi, au binamu yangu Qais wa Pongwe. Sharti ni moja. Ijumaa baada ya sala kila mmoja aonyeshe jambo alilolifanya kwa kompyuta hiyo, lenye faida kwa watu. Qais alikaa nayo wiki iliyopita. Wiki hii ni zamu yangu. Baba yuko Maskati kikazi, kwa hiyo neno la ami ndilo la mwisho.

Naitaka mno. Shuleni tuna kompyuta kumi na mbili, zinazowaka ni saba, nasi tuko sitini. Zamu yangu ni dakika ishirini kwa wiki, na watu watatu wamesimama nyuma ya shingo yangu wakiniuliza mbona naandika polepole. Hapa nyumbani naweza kuandika polepole kwa amani.

Faili la Qais limo humu, limefungwa kwa neno la siri. Nimejaribu “Qais”, “Qais1” na “QaisBingwa”. Halikufunguka. Si kwamba nachungulia. Napima usalama tu.

Jioni Mama alitangaza balaa. Jana tulifanya hitima ya babu. Vyombo vya kupikia tuliazima nyumba kumi na nne hapa Chumbageni. Sasa lazima virudishwe, na mrudishaji ni mimi, kama kawaida. Nyumba kumi na nne! Kila mlango shikamoo, kila mlango kuulizwa mbona nimekonda, nimekuwa wa ngapi darasani, na kwa nini siongei. Siongei kwa sababu mnaniuliza!

Kisha nikapata wazo. Nikakaa chini, maana lilikuwa zito. Vyombo vikipewa lebo safi zilizochapwa, zenye majina ya wenyewe, Msafiri mwenye guta la mizigo anaweza kuvipeleka vyote bila mimi kufungua mdomo. Faida kwa watu: ipo. Kompyuta: imetumika. Shikamoo: sifuri.

Qais atalia.

Jumanne, 9 Septemba

Niliamka mapema kuorodhesha vyombo uani. Vyote kwa jumla ni thelathini na nane. Wanawake wa mtaa huu hawaandiki majina kwenye sufuria zao. Wanazipaka alama chini, kwa rangi ya kucha. Kila nyumba na alama yake, na kila mtu anazijua alama za mwenzake kwa moyo. Nukta nyekundu moja ni ya Bi Kijakazi. Mistari miwili ya fedha ni ya Bi Fakhria. Msalaba wa zambarau ni wa Mama Badru. Ni utaratibu wa zamani sana, na Msafiri haujui.

Mama alikuwa akikuna nazi na kunitajia wenyewe kadiri nilivyoinua chombo kimoja kimoja. Majina kumi na manne nikayaandika kwenye daftari kwa mpangilio aliotumia kuyataja. Aliniuliza kwa nini naandika kitu ambacho mtoto wa miaka sita anakijua. Nikamwambia ni data. Akasema sawa, lakini nisikanyage nazi.

Baada ya shule nikatengeneza jedwali kwa pandas. Hizo ni zana za lugha ya Python za kuchambulia takwimu, Mwalimu Laurenti anatufundisha. Kila nyumba ikapata safu yake. Mwanzoni mwa kila safu kuna jina la safu hiyo, na majina hayo yote kwa pamoja huitwa faharasa, au index. Faharasa yangu ilikuwa alama za rangi: nukta nyekundu ya kwanza, mistari ya fedha ya mwisho. Kilichobaki ni kubadilisha alama ziwe majina ya watu.

Nikajaribu na mbili za kwanza. Nikatoa amri ya rename, yaani badilisha jina. Majina yakatokea kwenye kioo! Nikamwita dada yangu Samiha aje aone. Alipofika, nikalifungua jedwali tena, na majina hayakuwepo. Nukta nyekundu imerudi palepale kama haikuguswa. Samiha akaniuliza aone nini. Nikamwambia aangalie jinsi kioo kilivyo safi.

Nikampigia simu Mwalimu Laurenti. (Nilifanya mazoezi ya salamu dakika kumi kwanza.) Akacheka. Akasema amri hiyo hailigusi jedwali la zamani, hukupa nakala mpya, na usipoihifadhi nakala hiyo inapotea. Akasema pia, kwa msisitizo, nibadilishe majina kwa jozi: kila jina la zamani niliandike pamoja na jina lake jipya, ili hata safu zikihama zisikosane.

Jozi kumi na nne! Kuandika kila alama mara ya pili! Mwalimu ni mtu mwema lakini ana muda mwingi.

Nilichokishika mimi ni hili: la zamani lisipoondolewa kabisa, linarudi. Nimelipigia mstari.

Jumatano, 10 Septemba

Siku kubwa!

Mama aliniomba kitu kwa mara ya kwanza tangu kompyuta iingie nyumbani. Huku kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu, unatia chochote ndani. Mama amenunua haluwa. Anataka kujua nani alitoa vyombo vingi na nani vichache, ili aliyetoa vingi apate pande kubwa. Nikamwambia sekunde moja tu. Nikazipanga safu upya, mwenye vyombo vingi juu, mwenye vichache chini. Mama akatazama kioo, akasema kumbe kidubwana hiki kina akili. Kidubwana! Lakini alikisifu. Akakata haluwa mapande kumi na manne kuanzia kubwa mpaka dogo, akalifunga kila moja kwenye karatasi.

Kisha nikavumbua njia yangu mwenyewe, bila jozi hata moja. Nikachukua majina kumi na manne kutoka daftarini, kwa mpangilio uleule wa jana, nikayaweka kwenye orodha moja. Halafu nikaandika:

vyombo.index = majina

Basi! Mstari mmoja. Alama zote zikafutika, majina yote yakakaa, na hayakurudi nyuma hata nilipofungua upya. Nilisimama, nikazunguka kiti.

Nikasoma matokeo. Bi Kijakazi: sufuria kubwa tano na mifuniko mitano. Sikujua kabisa. Bi Kijakazi anaishi peke yake na paka, kumbe ana sufuria za kulisha watu mia mbili. Bi Fakhria naye, mwenye nyumba ya ghorofa na ukoo mzima hapa na Maskati, ametoa mfuniko mmoja tu. Mtu humjui mpaka uione data yake.

Nikachapisha lebo kwenye duka la fotokopi karibu na shule. Nikazifunga kwa uzi kwenye vyombo kufuatana na jedwali.

Jambo la mwisho. Nilikumbuka mstari niliopiga jana: la zamani lisipoondolewa, linarudi. Je, Msafiri akiona lebo inasema hivi na rangi inasema vile, si atachanganyikiwa? Nikaazima chupa ya Samiha ya kutolea rangi ya kucha na pamba yake. Nikasugua vyombo vyote thelathini na vinane. Sasa kila chombo kina jina moja tu.

Mikono inanuka. Moyo mweupe.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa tisa Msafiri alikuja na guta. Mama alikuwa Pongwe kumtazama shangazi, mama yake Qais, anayeumwa kiuno. Nikamkabidhi Msafiri vyombo na haluwa. Akasoma lebo moja, akanitazama, akaniuliza Bi Kijakazi ndiye wa hizi zote. Nikamwambia ndivyo inavyosema kompyuta. Akasema haya, na akaondoka.

Nikajilaza na kitabu. Nyumba kumi na nne zinabishiwa hodi na mtu mwingine! Sijawahi kusoma kurasa thelathini kwa raha namna ile.

Saa kumi na nusu Bi Kijakazi alinipigia simu. Ametoka kijiji cha Moa zamani, ana sauti ya kuitia watu ng'ambo. Alinishukuru sana. Akasema yeye alitoa mfuniko mmoja, akarudishiwa sufuria tano, na kwamba katika umri wake wote hajaona hitima yenye baraka ya haraka hivyo. Akasema haluwa ni tamu, wamekula yeye na paka. Akanitaka nimwambie Mama akihitaji mfuniko tena asisite.

Nilidhani anatania. Bi Kijakazi hutania.

Saa kumi na moja alikuja Mama Badru. Yeye hakuwa na tatizo. Alikuja kusikiliza matatizo ya wengine, maana ameyaona mtaani njia nzima. Akakaa barazani, akaomba maji.

Kisha akaingia Bi Fakhria mwenyewe. Buibui limepigwa pasi. Mbele yake, kwa mikono miwili, ameshika mfuniko mmoja uliobonyea, na juu ya mfuniko pande la haluwa kama kiberiti. Nikampa shikamoo. Akaniitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha. Akasema alitupa sufuria tano alizoletewa na marehemu mama yake, na leo amerudishiwa kifuniko cha paka, na haluwa ya kumpozea mtoto jino. Akaniuliza kama ndiyo heshima aliyobakisha babu yangu. Akaongeza, kama vile halikuwa jambo, kwamba kesho ni nikaha ya mpwa wake, wageni mia na hamsini, na pilau ataipikia kwenye kiganja.

Nikamweleza kuhusu faharasa. Nilijitahidi. Nilimwambia safu zilihama na majina hayakuhama. Mama Badru aliacha kunywa maji ili asikie vizuri. Bi Fakhria akasema, “Mwanangu, mimi sijakuuliza nani amehama.”

Ndipo Mama akarudi kutoka Pongwe. Akauliza kwa nini tusiangalie tu alama za rangi, turudishe kila kitu sasa hivi.

Nikaficha mikono nyuma.

Samiha akatoka chumbani akiuliza nani amemaliza chupa yake.

Siandiki yaliyofuata.

Ijumaa, 12 Septemba

Kabla ya saa moja asubuhi vyombo vyote vilikuwa vimerudi uani kwetu, pamoja na wenyewe. Wanawake kumi na wanne! Mama aliniandikia ruhusa ya kuchelewa shule, lakini si kwa kunihurumia. Alitaka niwepo.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kuwapa kila mmoja namba, tupime upana wa kila sufuria kwa rula, tuingize kwenye jedwali, na kwa hesabu kidogo tungepata majibu kufikia alasiri. Nikasimama kutangaza. Wakati natafuta neno la kwanza, walikuwa wameshakaa mkekani.

Mmoja aliinua sufuria, akaigonga kwa kidole, akasema si yangu, ya kwangu inalia kwa sauti nzito. Mwingine akaonyesha pembe iliyobonyea, akasema hapa ndipo alipompiga nayo mbwa wa jirani. Mama Badru akanusa sinia, akasema ni la Bi Fulani, halijawahi kutoka harufu ya papa. Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Bi Fakhria alizitambua tano zake kwa kupitisha kiganja ndani, macho kafumba. Ya tatu aliipitishia kiganja mara mbili.

Bi Kijakazi akapewa mfuniko wake. Akaulizwa haluwa ya Bi Fakhria iko wapi. Akasema imeshakuwa Bi Kijakazi. Hata Bi Fakhria akacheka, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akasema basi aje kula pilau pia, amalizie.

Dakika ishirini kwa saa yangu. Sikuweka rekodi mahali popote kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Msafiri akapakia tano za Bi Fakhria kwanza. Nikaha imefanyika. Pilau imeiva. Tumeletewa sahani.

Baada ya sala tukakaa sebuleni kwa ami Mohsin. Nikaonyesha jedwali langu. Nilisema ukweli, ila niliusema kwa takwimu: kati ya nyumba kumi na nne, ya Mama Badru ilipata vyombo vyake sawasawa, ambayo ni asilimia saba, na kwa jaribio la kwanza si haba. Ami akaniuliza kompyuta ilitumia siku ngapi. Nikasema nne. Akaniuliza wanawake walitumia muda gani. Nikasema sikupima. Mama akakohoa. Nikasema dakika ishirini.

Kisha Qais akafungua faili lake. Picha za ami! Ami akiwa na nywele. Ami kwenye pikipiki. Ami akifungua duka mara ya kwanza, na bibi yuko pembeni. Kila picha inaingia ikizunguka, na nyota zinaanguka. Hakuna hesabu hata moja! Hakuna safu! Ami akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kompyuta imekwenda Pongwe. Qais aliibeba kifuani njia yote mpaka kwenye bodaboda, akanipungia kwa kiwiko.

(Neno la siri lilikuwa “AmiMohsin”. Ningelijua vipi?)

Jumamosi, 13 Septemba

Adhabu. Samiha amenunua chupa nne za rangi ya kucha kwa pesa yangu ya Idi, na nimepita nyumba zote kumi na nne kurudishia alama. Shikamoo kumi na nne. Nimeambiwa nimekonda mara kumi na moja.

Kwa Bi Fakhria nilipaka mistari miwili ya fedha, mara tano. Mstari mmoja ukaenda upande. Nikaomba radhi. Akautazama, akasema uache hivyo hivyo, sasa atazijua kwa mbali. Kisha akaniuliza kompyuta imekwenda kwa nani. Nikamwambia. Akasema pole, na alionekana kumaanisha. Nikashindwa kumwangalia. Akanifungia kaimati tisa kwenye karatasi.

Kwa Bi Kijakazi ilikuwa nukta moja tu, lakini nilikaa saa nzima. Alitaka kujua faharasa ni nini. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, “We mtoto, kumbe unaongea!” Akaniuliza kwa nini sikufuata alivyosema mwalimu. Nikamwambia ingechukua muda mrefu. Akamtazama paka, paka akamtazama yeye.

Nimefikiri sana njiani kurudi. Kosa nimeliona. Ninalo wazi kichwani. Sitalirudia.

Jumapili, 14 Septemba

Qais amekuja! Saa nne asubuhi, na kompyuta mkononi, na uso wa mtu aliyelala vibaya.

Kumbe ami alipompa alimpa na kazi. Bidhaa zote za duka ziingizwe kwenye jedwali, kisha zibadilishwe majina ya zamani ya kienyeji kama “msumari wa Juma” na “bomba lile jembamba” ziwe majina yanayoeleweka na mteja. Bidhaa mia nne na kumi na mbili. Qais anajua kuzungusha picha tu. Alinyoosha miguu barazani, akasema kwa upole nisioujua kwake kwamba nikimfanyia kazi hii, nitakaa na kompyuta Jumatatu mpaka Alhamisi, kila wiki, mpaka tumalize shule, na ami ameshakubali.

Siku nne kati ya saba! Zaidi ya nusu! Kwa hesabu yoyote, nimeshinda.

Nikamwambia kazi ndogo. Tumefika dukani saa saba. Majina ya zamani Qais ameshayaingiza kwenye jedwali, rafu kwa rafu. Majina mapya ami ameyaandika mwenyewe kwenye karatasi ndefu, moja chini ya jingine, akipita rafu kwa rafu. Qais akauliza si inabidi tuandike la zamani na jipya kwa pamoja, moja moja. Nilicheka kidogo. Mara mia nne na kumi na mbili! Nikamwambia kosa la sufuria nimelichunguza kwa kina: lilitokana na Msafiri. Tungepeleka wenyewe yasingetokea.

Jedwali lilikuwa limevurugika, halipendezi, kwa hivyo kwanza nimezipanga bidhaa kwa alfabeti. Sasa Qais ananisomea karatasi ya ami, nami naingiza. Tumefika mia mbili na sitini. Tukimaliza ni mstari mmoja tu.

Ami yuko Korogwe mpaka kesho. Mafundi wawili wamesimama kaunta wanataka misumari. Nimewaambia wasubiri kidogo, tunawarahisishia.